Cat 5e au Cat 6 kwa chumba cha kompyuta cha shule?

Mwalimu_Ujiji
Ndugu zangu, habari za kazi. Shule yetu hapa Ujiji inaandaa chumba cha kompyuta 24, nami nimekabidhiwa jukumu la kununua kebo za mtandao. Fundi mmoja anashauri kebo ya daraja la Cat 6, mwingine anasema daraja la Cat 5e linatosha, na duka moja la mjini limeniuzia boksi la mita 305 lililoandikwa Cat 6 kwa bei iliyo chini hata ya Cat 5e ya madukani kwingine. Tofauti yake hasa ni nini? Tena, ofisi ya mkuu wa shule iko mita 130 hivi kutoka chumba hicho, na nayo inahitaji kuunganishwa.

Fundi_Mwanga
Mwalimu, pole na majukumu. Kebo zote hizo zina jozi nne za nyaya zilizosokotwa, na msokoto huo si pambo, kwani ndio unaozuia mawimbi ya jozi moja yasiiingilie nyingine. Cat 5e hupimwa hadi masafa ya mawimbi ya megahezi 100 na hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Cat 6 hupimwa hadi megahezi 250 na huweza kubeba gigabiti 10, ila kwa mita 55 tu, tena mazingira yakiwa mazuri. Anayetaka gigabiti 10 kwa mita 100 zote atafute Cat 6A. Kama swichi yenu, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta zote, ni ya gigabiti 1, wanafunzi hawataona tofauti yoyote, kwa hiyo mimi ningechukua Cat 5e ya shaba tupu kuliko Cat 6 ya kubahatisha.

Nasema kubahatisha kwa makusudi, maana bei hiyo inanitia shaka kwamba nyaya ni alumini iliyovikwa shaba. Alumini ina ukinzani mkubwa kuliko shaba, hukatika upesi ikikunjwa-kunjwa, na siku mtakapopitisha umeme wa kamera humo, itapata joto. Menya kipande, kisha ukwangue waya mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, rudisha boksi.

Mnyamwezi_Relini
Naongezea kuhusu hizo mita 130. Kikomo cha mita 100 ni mita 90 za kebo iliyolazwa ukutani pamoja na mita 10 za vipande vya kuunganishia, hivyo ofisini hamtafika kwa mkupuo mmoja. Swichi ya katikati ingesaidia, lakini kwa radi za mikoa yetu hii, kulaza shaba kati ya majengo mawili ni kuikaribisha radi ndani ya vifaa. Hapa Tabora tulipoteza swichi mbili kwa msimu mmoja wa mvua. Hapo wekeni faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme.

Mwalimu_Ujiji
Ahsanteni sana. Nimekwangua nyaya nne asubuhi hii, na zote ni nyeupe ndani. Risiti ninayo, boksi linarudi dukani kesho. Ncha tuzifunge kwa mpangilio wa rangi za nyaya wa A au B?

Fundi_Mwanga
Wowote, Mwalimu, mradi uwe uleule kwenye ncha zote mbili.