Tupeane uzoefu: nguo za kale unazoshona kwa kutazama picha, yale yasiyoonekana pichani ulijuaje?

Fundi wa Mkomani (Lamu)

Assalam aleykum ndugu zangu. Najua tuko wengi tunaoshona nguo za kale kwa mapenzi tu, si za oda, mtu anaona picha ya mtu wa zamani basi moyo haumtulii mpaka ashike mkasi. Nataka tuongee jambo moja. Picha inakuonyesha mtu kwa mbele, mgongo huoni, bitana huoni, na ikiwa ni ya kamera za zamani hata rangi huna. Sasa yaliyobaki uliyapata wapi?

Naanza mimi. Yangu ni ile ya Sayyida Salme binti Said bin Sultan, binti wa mfalme wa Unguja, aliyezaliwa huko 1844 akaondoka 1866, Ujerumani wakamjua kwa jina la Emily Ruete. Alipigwa picha Hamburg akiwa amevaa kikwao, kanzu juu, suruali chini, kitambaa cha kichwa na mapambo yake. Nimeivuta kwa simu mpaka ikawa madoa matupu, ukataji hauonekani. Ulionipa jibu ni mkoba wa nguo wa bibi yangu, Mungu amrehemu, mlikuwa na suruali ya marinda ya atlasi, kile kitambaa laini kinachong'aa, ambayo nyumbani hakuna aliyeivaa tangu nipate akili. Nikaigeuza ndani nje nikakaa nayo chini. Miguu miwili mipana juu, katikati pametiwa kipande cha pembe nne ili mtu aweze kukaa mkekani bila kubanwa, kiunoni utepe, chini inakuwa nyembamba na marinda yamekusanywa kwenye kifundo. Na karibu vipande vyote ni mraba au pembetatu, hakuna kipande cha kitambaa kilichotupwa! Ukishaona hivyo unaanza kuielewa ile picha, kwamba ile mikunjo haikuwekwa kwa urembo peke yake, inatokana na namna kitambaa kilivyokatwa.

Haya, karibuni.

Mzee wa cherehani, Langoni

Wa aleykum salaam mwanangu. Hilo la kutotupa kitambaa ndilo lililo kwenye kanzu pia. Siku hizi kanzu inakatwa kama shati refu, ya kale si hivyo. Una badani, yaani kipande cha kiwiliwili, ya mbele na ya nyuma zinashuka sawasawa, ubavuni unatia taharizi, kile kipande cha kupanulia, inaanza nyembamba juu inafunguka kwenda chini, na kwapani unatia kikwapa, kijipande cha kitambaa. Kikwapa kidogo hivi lakini ndicho kinachomwachia mtu ainue mkono na kanzu isipande yote. Shingoni unatia kaba, kitambaa cha kuimarisha, kwa ndani, ndipo utarizi upate pa kushika.

Picha za studio za Unguja za mwisho wa karne ya 19, zile za A.C. Gomes na wenzake, ziangalie vizuri ubavuni, mara nyingi mshono wa taharizi unauona unashuka. Mtu akisimama pembeni kidogo ndio raha yangu, mimi picha ya mtu aliyetazama kamera moja kwa moja hainifai sana. Na wale waliokaa kwenye kiti nao wazuri manake goti linavuta kitambaa, hapo unajua ni kizito au chepesi, hariri haivunjiki kama bafta ya pamba.

Binti Shela

Shikamoo mzee, hilo la goti sijawahi kulisikia na kesho naenda kuzitazama zangu upya.

Mimi naongezea kwa rangi kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Picha za zamani za rangi nyeusi na nyeupe hazikuwa zinaona kama jicho letu. Vile vioo vilivyopakwa dawa vya kupigia picha karne ya 19 vilikuwa vinashika mwanga wa buluu vizuri lakini wekundu karibu havikuuona kabisa, kwa hivyo nyekundu inatoka nyeusi, manjano nayo inakuwa na kiza, halafu buluu ya kawaida inatoka karibu nyeupe. Ndio maana hata mbingu kwenye picha hizo ni nyeupe tupu. Sasa fikiria mwanamke amevaa leso ya kisutu, nyekundu nyeusi na nyeupe, kwenye picha wekundu na weusi vinameza kila kitu mtu anaona amevaa nguo ya msiba kumbe ni bibi harusi.

Kwa hivyo mimi sikisii rangi kutoka kwa picha peke yake, naangalia ni leso za aina gani zilikuwepo miaka hiyo, nawauliza wakubwa, ndio nachagua. Na jambo jingine wapendwa, ukishona au ukivaa leso kwa picha ya miaka ya 1890 tafuta isiyo na jina, yaani ile methali inayoandikwa kwenye leso. Yale maneno yalikuja baadaye, tena mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, hizi za Kilatini ni za baadaye zaidi. Nikimuona mtu amevaa "za kale" na leso imeandikwa kwa chapa ya juzi naumia kweli.

Kijana wa Shela, Malindi (Shela yetu ya huku jamani, si ya Lamu)

Mimi changu ni kinyume, sina picha kabisa nina maneno. Tunacheza mchezo wa kuigiza na watoto wa mtaani kuhusu kufika kwa Vasco da Gama hapa Malindi Aprili 1498, nikapewa kazi ya kumvisha mfalme wetu. Picha yake haipo, hakuna aliyemchora. Lakini mmoja wa wale Wareno aliweka daftari la safari na aliandika alichokiona, kwamba mfalme alivaa joho la damaski lenye pindo la atlasi ya kijani, kilemba cha thamani, amekalia viti vya shaba vyenye mito, juu yake mwavuli wa duara wa atlasi nyekundu, pembeni mzee ameshika upanga mfupi wenye ala ya fedha. Na kulikuwa na pembe mbili za ndovu zilizochongwa, urefu wa mtu, zinapulizwa kwa tundu la ubavuni. Mtu wa Lamu akisoma hapo hahitaji kuambiwa, hizo ni siwa.

Sasa ona, yule mgeni katuandikia pindo ni kijani lakini joho lenyewe rangi hakusema, wala shingo ilikuwaje wala mikono. Hapo nikaenda kwa joho wanazovaa mabwana harusi wetu mpaka leo, wazi mbele, pana, mikono mirefu, nikalifuata hilo. Damaski nilipata kitambaa cha pazia chenye maua ya kusukwa humo humo, rangi ya zambarau iliyoiva, na pindo la atlasi ya kijani nililishona kwa mkono lote manake cherehani haikuwepo dunia nzima wakati huo na mshono wa mashine ukikaa juu ya joho la 1498 mimi nauona hata nikiwa mbali.

Vasco tukamvisha rahisi tu. Picha zake tunazozijua zote zilichorwa miaka mingi baada ya safari ile kwa hivyo sikujisumbua sana naye, aliyenihusu ni mfalme.

Mama Kaniki, Malindi

Nimesoma zote kwa furaha, lakini naomba niweke na langu. Mimi sishoni za masultani. Chukua picha nyingi za zamani za pwani, muangalie bibi aliyekaa katikati kisha muangalie aliyesimama nyuma yake ameshika mkeka au mtoto. Mimi namshonea huyo wa nyuma.

Malindi hii ya karne ya 19 ilikuwa na mashamba makubwa ya nafaka na waliolima ni watumwa, sheria ya kumaliza utumwa pwani ya Kenya ilikuja 1907. Wengi wetu tuna damu ya watu hao na nguo zao hakuna anayeziweka sandukuni. Walivaa merikani na kaniki. Merikani ile pamba isiyopaushwa iliyokuwa ikiletwa na meli za Salem, Marekani, mpaka vita vyao vya 1861 hadi 1865 vikaikatiza. Kaniki ni pamba iliyotiwa rangi ya nili mpaka ikawa karibu nyeusi. Hazina mkato, ni kipande kinazungushwa kifuani chini ya kwapa kinakazwa. Watu huniuliza sasa hapo unashona nini. Nashona pindo! Na kuunga vitambaa viwili vyembamba kupata upana, mshono wa katikati, huo kwenye baadhi ya picha unauona kabisa. Kitambaa nanunua ile amerikani ya mafundi wa makochi, nafua mara kadhaa kabla ya kukata manake inarudi sana, na ile rangi yake ya maziwa siipaushi.

Baada ya kuachwa huru utumwani wanawake hawa ndio waliozikimbilia leso za rangi na kujifunika kichwa, kwa sababu zamani walikatazwa. Nikivisha msichana kaniki kwenye maonyesho huwa namvisha na mwenzake leso ya maua, wasimame pamoja.

Fundi wa Mkomani

Mama Kaniki ahsante sana. Nimerudi kwenye picha zangu zote kuangalia waliosimama nyuma.

Mshonaji wa sokoni, Malindi

Mimi niko na za Ulaya, msinifukuze 😄 Kuna mama Mtaliano mteja wangu alinionyesha Eleonora wa Toledo, mke wa mtawala wa Firenze, alichorwa na Bronzino karibu 1545, picha iko kwenye jumba la sanaa la Uffizi huko huko Firenze. Gauni jeupe lenye mapambo meusi na makomamanga ya dhahabu. Lilinishika kwa sababu mpangilio wa maua ni kama darizi zetu. Mikono yake haijashonwa moja kwa moja, imefungwa kwa vifungo na shati la ndani linatokeza kwenye nafasi. Kaburi lake lilifunguliwa 1857 na kwa muda mrefu watu wakaamini alizikwa na gauni hilo hilo, wataalamu walipokuja kulisafisha wakakuta ni jingine, la atlasi lenye mapambo ya mahameli. Kitambaa nilipata mtumba, pazia. Ndoano za chuma msitie, hewa ya bahari inazila na kutu inatia doa, tumieni za shaba au vitanzi vya uzi.

Mgeni, Matondoni

Fundi wa Mkomani, samahani kakangu, nina suruali ya marinda ya nyanya yangu lakini nyumbani hawataki ifumuliwe hata uzi mmoja. Nitatoaje patani?

Fundi wa Mkomani

Usiifumue dada, wana haki. Laza karatasi ya kaki juu ya godoro au mkeka mnene, tandaza suruali juu yake kipande kimoja kimoja, kisha pitisha pini nyembamba ndani ya mshono, si kwenye kitambaa, ikatoboe karatasi. Fuata mshono wote, halafu unganisha vitobo kwa penseli. Marinda hayalazwi, yahesabu, upime kina cha rinda moja, uzidishe mara mbili manake kitambaa kinakwenda na kurudi, kisha uzidishe kwa idadi ya marinda na ujumlishe upana wake yakiwa yamekunjwa, ndio upate urefu wa kitambaa. Kama atlasi imeanza kupasuka usitumie pini kabisa, pima kwa tepu uandike. Ukikwama kwenye kile kipande cha katikati nitumie picha ya ndani.