Bledi ya keekee ya barafu imezama ziwani, na ofisi ya waranti imenikatalia

Kutoka: Baba Imani

Wapendwa, poleni na baridi.

Keekee yangu ya kutobolea barafu, ya umeme, inchi nane, imedondosha bledi moja ndani ya ziwa la Mille Lacs, hapa Minnesota, tukiwa katikati ya shimo. Bolti zake zimekwenda nayo. Nikajaza fomu ya waranti, nikapewa namba ya RMA (ile ya kurudishia bidhaa), nikatuma picha za kila upande walioutaka. Leo limekuja jibu: bledi na bolti ni "sehemu za kuchakaa", na kwa kuwa zilichomoka basi "hazikufungwa ipasavyo na mtumiaji". Mtumiaji yupi? Mimi sijawahi kuzigusa, zilitoka kiwandani zimefungwa! Jina la kampuni silitaji, nisije nikaharibu rufaa.

Maswali mawili. Rufaa ya RMA inapelekwa kwa nani, ofisi ileile au duka lililoniuzia? Na bledi mpya nizifunge vipi zisifuate mwenzao?

Kutoka: Mama Zuhura (Duluth)

Pole sana shemeji. La rufaa nawaachia wanaojua. La pili ni jepesi: gundi ya kuzuia bolti isilegee, ile ya bluu. Tone moja kwenye meno ya bolti, kaza, kazi imeisha. Mume wangu ndiye aliyenifundisha, na siku hizi mimi ndiye ninayemfungia.

Kutoka: Fundi Mstaafu

Dada, haijaisha. Gundi ya bluu haikauki kwa hewa. Inaganda ikibanwa kati ya chuma na chuma mahali ambapo hewa haifiki, na chuma chenye mafuta haikishiki vizuri. Bolti mpya mara nyingi huja na mafuta ya kuzuia kutu. Kwa hiyo zioshe kwa spiriti au dawa ya kusafishia breki, futa na tundu zinamoingia, acha pakauke. Ndipo utie tone lako.

Halafu kazi hiyo ifanyike nyumbani, si juu ya barafu. Kwenye joto la chumba inataka kama saa 24 ishike sawasawa, na kwenye baridi inachelewa mno. Watu wanapaka ziwani, dakika tano baadaye wanatoboa, kisha gundi inatukanwa.

Na gundi NYEKUNDU msiiguse. Ile hailegei mpaka joto la nyuzi 250 hivi za Selsiasi. Siku ya kubadilisha bledi utakula kichwa cha bolti kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) mpaka kiwe duara, na ukileta moto unaharibu ugumu wa makali.

Kutoka: Kaka wa St. Cloud

Gundi za nini jamani. Spring washa, ile pete ya chuma yenye springi, chini ya kila bolti, mambo yamekwisha. Ndivyo mashine zote za dunia zinavyofungwa.

Kutoka: Mwalimu Mekanika

Si zote, na zinazofungwa hivyo ndizo zinazofunguka. Mjerumani Gerhard Junker alishaonyesha mwaka 1969 kwamba kinacholegeza bolti kuliko vyote ni mtikisiko wa pembeni, yaani vipande viwili vilivyofungwa pamoja vikawa vinateleza kimoja juu ya kingine. Spring washa ikishabanwa na kulala haina tena cha kuzuia. Kinachoshika ni mvutano wa bolti yenyewe: ukiikaza inavutika kidogo, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana bledi.

Kwa hiyo Baba Imani, kabla ya habari za gundi, tuambie kitako cha bledi, yaani pale inapokaa, kikoje. Ondoa bledi iliyobaki, safisha, iweke juu ya kitako bila bolti, uibonyeze kwa kidole kwenye kila pembe. Ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, umempata mchawi. Mara nyingi ni rangi. Kiwandani wanapulizia rangi hadi pale bledi inapokaa, inarundikana kwenye kona na kuzunguka tundu. Ukikaza, unakaza juu ya rangi. Mashimo machache baadaye rangi imepondeka, nafasi ya unene wa karatasi imepatikana, mvutano wa bolti umekwisha, na bledi imeanza kuteleza. Ukisikia keekee inagonga kwa mlio wa kavu na kurukaruka badala ya kula barafu, simama hapohapo.

Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, lakini chuma chenyewe usikiguse kwa tupa, maana pembe ya bledi itabadilika. Kisha ingiza bolti zote kwa mkono kwanza, kaza hii kidogo, hamia ile, rudi tena hii. Ukimaliza moja kabisa kabla ya nyingine, bledi inakaa upande.

Kutoka: Baba Imani

Mwalimu, asante sana. Nimeipima sasa hivi mezani. Inacheza! Kuna tone la rangi limeganda kwenye kona ya nje, na upande wa bledi iliyozama ni hivyohivyo. Nimepiga picha. Je, niwatumie wale wa RMA kama ushahidi? Kuna aliyewahi kushinda?

Kutoka: Kaka wa St. Cloud

Haya, tufuate vitabu. Lakini chochote utakachotumia, ukishatoboa mashimo ya mwanzo rudi uzikaze tena zote.

Kutoka: Fundi Mstaafu

Hapana! Ukishapaka gundi ikaganda, halafu ukaizungusha bolti hata kidogo, umeivunja gundi na hairudi kushika. Chagua njia moja. Ama unafunga kikavu na kukagua mara kwa mara, ama unapaka gundi na kuiacha. Bolti yenye gundi ikizunguka kwa alenki, itoe, isafishe, upake upya. Na wenye keekee za bolti na nati ya nailoni, nati hiyo ukiifungua na kuifunga mara kadhaa, nailoni inalika mpaka nati inazunguka kwa vidole. Hiyo itupe, weka mpya.

Kutoka: Mama Zuhura (Duluth)

Basi mimi sijui kitu. Ila za kwangu hazijawahi kudondoka.

Kutoka: Shangazi wa Brooklyn Park

Ofisi zote ni ndugu. Mwanangu alikwenda kukata leseni ya kuvulia, karani akamwambia bei ya mkazi ni ya wenye uraia tu, arudi akishamaliza N-400, ile fomu ya kuomba uraia. Akalipa ya mgeni. Tulikotoka ziwa halitobolewi na samaki wapo tele, huku unalipia hadi shimo.

Kutoka: Kaka wa St. Cloud

Shangazi, amedanganywa. DNR, idara ya maliasili ya jimbo, wanaangalia ukazi wa siku 60 hapa Minnesota, mambo ya N-400 hayamo. Na asisahau mwaka wa leseni unaanza tarehe 1 Machi, asije akakata leo ikafa kabla hajala samaki. Na kibanda cha kuvulia kiwe kimetoka ziwani Jumatatu ya kwanza ya Machi.

Kutoka: Mwalimu Mekanika

Jumatatu ya kwanza ni kwa kusini. Kaskazini, ambako na Mille Lacs imo, ni ya tatu. Mtu asiposema upande gani anawaponza wenzake.

Kutoka: Shangazi wa Brooklyn Park

Hiyo N-400 yenyewe mwanangu anaiogopa. Ninyi Wakenya mna uraia pacha tangu katiba ya 2010, sisi Watanzania ukichukua wa huku wa kwetu umepotea. Kila uchaguzi tunaahidiwa, na kila mara...

Kutoka: Msimamizi

Shangazi, shikamoo. Uraia pacha una uzi wake, ulifungwa baada ya watu kutukanana na sitaki kuufungua huku. Turudini kwenye bledi tafadhali.

Kutoka: Fundi Mstaafu

Basi nimalizie. Acheni kugongagonga keekee kwenye barafu ili theluji ya majimaji idondoke. Nawaona, mnaishika kama mchi. Pigo lote linaishia kwenye bledi na bolti zake, na siku moja kitako kinapinda. Izungusheni kwa kasi nje ya shimo, maji yatoke yenyewe. Na kabla ya kuingiza alenki toeni barafu iliyoganda kwenye kichwa cha bolti, la sivyo ufunguo unashika nusu na kuteleza.

Kutoka: Kaka wa St. Cloud

Baba Imani, nina bledi mbili za inchi nane zimekaa tu, za kampuni nyingine. Njoo uchukue, bure.

Kutoka: Mwalimu Mekanika

Usichukue kabla ya kupima. Inchi nane ni upana wa shimo la barafu. Nafasi kati ya tundu za bolti na pembe ya kitako kila kampuni ina yake. Tundu zikipishana kidogo utalazimisha bolti kuingia kimshazari, na hiyo haitakaa. Na zibadilishwe zote mbili kwa pamoja: mpya ikikaa na iliyochakaa, moja ndiyo inayokata na yote inatikisika.

Kutoka: Kaka wa St. Cloud

Nimezipima kwa rula, tundu kwa tundu ni milimita 25. Baba Imani, zako ni ngapi?