Natafuta nafasi ya utafiti wa mimea kabla ya mwaka wa nne, nianzie wapi?

Atis_Kisumu
Wadau habari zenu. Niko mwaka wa pili, nasomea sayansi ya mimea upande huu wa Kisumu, likizo ndefu inakaribia na sitaki kukaa nyumbani tu hadi mwaka wa nne ndo nishike utafiti. Nimetuma maombi mahali tano kwa imeli na hakuna hata moja wamejibu. Lekchara wetu alitufundisha kuhusu kayongo, lile gugu (Striga) linalonyonya mizizi ya mahindi, na tangu siku hiyo haijanitoka akilini, manake shamba la nyanyangu kule Siaya linajaa maua ya zambarau kila msimu na mahindi yanadumaa. Je, lazima nafasi itangazwe ndo niombe?

kutu_ya_ngano
Dadangu usingoje tangazo. Mimi nilikuwa Egerton, na KALRO Njoro, kituo cha utafiti wa kilimo, si mbali, nikaenda na miguu yangu wakati ngano iko shambani nikauliza kama wanahitaji mtu wa kusaidia kuchukua data. Wakati ni muhimu kuliko barua, ukifika ngano imeshavunwa hakuna kitu cha kukufundisha. Pale wanapima ngano kutoka nchi nyingi dhidi ya kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu, ile aina ya Ug99 iliyotambuliwa kwanza Uganda, jina limetokana na mwaka 1999. Wiki ya kwanza nilibeba tu daftari na kuandika namba ninazosomewa. Baadaye nikaonyeshwa kukadiria ni asilimia ngapi ya shina imeshikwa halafu unaongeza herufi, R kama mmea unastahimili, S kama umeshindwa. Jioni suruali yote ni rangi ya matofali juu ya ule unga wa kutu. Mradi wangu wa mwaka wa nne ulitoka kwa mistari hiyo hiyo ya ngano.

Mama Lab
Naongezea hapo. Imeli ya "naomba nafasi yoyote" hata mimi naipita. Mwandikie mtu mmoja, taja kazi yake na useme unataka kujua nini. Wewe mwanangu tayari unalo swali, shamba la nyanyako. Anza na huyo lekchara wa kayongo, mwombe hata kuosha vyungu. Icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, pale Mbita wamefanya sana kilimo cha kupanda desmodium, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi, mizizi yake inafanya mbegu za kayongo ziote halafu zife kwa kukosa pa kujishika, soma hiyo kabla ya kumwona.
Na uulize nauli mapema, usione haya, nimeona watoto wazuri wakiacha katikati juu ya pesa ya matatu. Mtu akikuambia utoe kitu ndo upewe nafasi, ondoka. Mimi niliitishwa elfu tatu ya "usajili" nikiwa mwanafunzi, nikatoa, na sikuona shamba wala risiti.

Atis_Kisumu
Asanteni sana, mmenipa nguvu. Nimeongea na lekchara leo, amesema nilete mbegu za kayongo kutoka kwa nyanya tujaribu kwa vyungu na mahindi aina mbili. Naenda Siaya Jumamosi. Nachukua aje?

kutu_ya_ngano
Safi sana! Hiyo ya mbegu Mama Lab ndo anajua.

Mama Lab
Kata vichwa vilivyokauka lakini bado havijapasuka, weka kwa bahasha ya karatasi, usiweke kwa plastiki, zikibaki na unyevu zitashika ukungu. Mbegu ni kama vumbi na zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10, kwa hivyo kung'uta nguo na viatu hapo hapo kabla hujatoka shambani, usije ukapelekea jirani. Andika tarehe na mahali juu ya bahasha. Na usitarajie zitaota siku ya kwanza, lazima zikae kwa unyevu na joto la kama digrii 30 wiki moja hadi mbili ndo ziweze kusikia mzizi wa mahindi. Umwambie lekchara muanze kuzilowesha kabla ya kupanda.