Più... di au più... che? Naomba msaada kwa wanaojua Kitaliano

Mtembezi_Kiwengwa:

Assalaam aleikum wakuu.

Mimi naongoza watalii huku Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja. Wageni wetu wengi ni Wataliano, na Kitaliano nimekiokota ufukweni na kwenye boti. Bei naitaja, hadithi naipiga, mgeni anacheka pale ninapotaka acheke. Sasa kuna hoteli inatafuta waongozaji wa kudumu, na usaili wake una sehemu ya kuzungumza na sehemu ya kuandika. Kwa hiyo nimeshika kitabu cha sarufi nikisome kwa mpangilio, na nimekwama kwenye kulinganisha.

Juzi mgeni mmoja kasema "Oggi fa più caldo di ieri", leo joto kuliko jana. Hatujafika mbali, huyohuyo kasema "Fa più caldo a Kiwengwa che a Nungwi", Kiwengwa joto kuliko Nungwi. Joto ni lilelile, kuliko ni ileile, lakini kwanza katumia di, mara ya pili che. Kitabu nacho kinaleta "più lontano di quanto pensassi", nikazidi kupotea.

Jamani, kazi yangu nusu yake ni kulinganisha. Mgeni anataka kujua ufukwe upi maji hayatoki sana, pweza na ngisi kipi kitamu, msitu wa Jozani aende asubuhi au jioni. Sitaki kubahatisha kila nikifungua mdomo. Najuaje hapa di na hapa che? Halafu migliore, meglio na più buono, zote naona ni "bora" au "nzuri zaidi", vinaachana wapi? Mwenye njia ya kulifanya likae kichwani anisaidie.

Bahari_ya_Malindi:

Waaleikum salaam ndugu yangu. Huku kwetu Malindi na Watamu Kitaliano tumekua nacho. Wataliano walikuja na mradi wao wa kurusha satelaiti pale San Marco, upande wa Ngomeni, miaka ya 1960, na baadaye mahoteli na majumba yakaenea. Wapo wazee hapa hawajaingia darasani hata siku moja na wanabishana na Mtaliano kuhusu mpira mpaka usiku.

Ushauri wangu: usiache kuzungumza kwa sababu ya di na che. Ukikosea hapo mgeni anakuelewa bila shida. Mimi natumia che karibu kila mahali na kazi inakwenda.

Mwalimu_Napoli:

Bahari, kwa ufukweni nakubaliana na wewe. Lakini mwenzetu ana usaili wa kuandika, na hili ni kosa ambalo Mtaliano hulisikia papo hapo hata kama anakuelewa. "Più grande che Pemba" humkwaruza sikio.

Mtembezi, mimi naishi Napoli na nimewafundisha vijana wetu kadhaa wanaofika huku. Nakushauri usianze na di na che. Jiulize kwanza: ninapima nini na nini?

Ukiwa na watu wawili au vitu viwili na unawapima kwa sifa moja, ni di. Unguja è più grande di Pemba. Il Kilimangiaro è più alto del Monte Bianco, maana Kilimanjaro ina mita 5,895 na Monte Bianco mita 4,800 na kidogo. Angalia ile del: ni di iliyoungana na il. Hapa wengi huteleza, kwa hiyo di usiisome peke yake, isome pamoja na del, dello, della, dell', dei, degli, delle mpaka zitoke bila kufikiri. Na baada ya di kiwakilishi hubadilika: di me, di te, di lui, di lei. Usiseme "più alto di io".

Sasa che. Hii huja pale ambapo mwenye sifa au mwenye kitendo ni yuleyule, na unachopima ni mambo mawili yanayomhusu. La barca è più bella che comoda: boti ni moja, sifa ni mbili, uzuri wake unazidi raha ya kukaa ndani. Ukipima vitendo viwili pia ni che: Capire è più facile che parlare, kuelewa ni rahisi kuliko kuzungumza.

Mfano nitakaokupa sasa uandike ukutani, maana ndani yake mna somo lote:

Juma ha più clienti di me.
Juma ha più clienti italiani che francesi.

Ya kwanza inampima Juma na mimi, watu wawili. Ya pili Juma ni huyohuyo, tunachopima ni wateja wake Wataliano na wateja wake Wafaransa. Kiswahili kinasema kuliko kote kuwili na hatuna haja ya kutenganisha, ndiyo maana sikio lako halikustui. Ukitaka kulizoeza, kila ukisema kuliko jiulize nani anapimwa na nani.

Tukirudi kwa mgeni wako wa joto. "A Kiwengwa che a Nungwi" imechukua che kwa sababu kitu cha pili kimetanguliwa na kihusishi, ile a. Ukiona a, in, da, con, per imesimama mbele ya kitu cha pili, weka che bila kusita. Ieri haina kihusishi, imesimama kama jina la siku, basi "di ieri" ni sawa kabisa. Mgeni wako hakujichanganya.

Tarakimu zisikusumbue. Pale unaposema "zaidi ya", wao husema più di: più di venti persone, zaidi ya watu ishirini. Hapo Kiswahili kinakubeba.

Na "di quanto pensassi": ikija sentensi nzima baada ya kulinganisha, yaani "kuliko nilivyodhani", huwezi kuweka di tupu. Unaweka di quanto na kitenzi cha hali ya dhana, pensassi, au di quello che na kitenzi cha kawaida, pensavo. È più lontano di quello che pensavo. Kwa kuzungumza anza na hii ya pili, ile ya kwanza uitambue ukiisoma. Ukiweza kuitumia kwenye maandishi, msahihishaji atajua umesoma.

BintiMkunazini:

Mwalimu kamaliza di na che, mimi nichukue swali la pili maana nililihangaikia sana nilipofika Bologna na kuanza kazi ya jikoni.

Kaka Mtembezi, migliore hufuata jina, meglio hufuata kitendo. Questo è il ristorante migliore. Lui cucina meglio di me. Mgahawa ni kitu, kwa hiyo migliore. Kupika ni kitendo, kwa hiyo meglio. Upande wa ubaya ni hivyohivyo: peggiore kwa kitu, peggio kwa kitendo. Kwenye mazungumzo utawasikia wakisema "questo albergo è meglio di quello", ni kawaida, usistuke. Ukiandika weka migliore.

Più buono nayo ni sahihi, wala usimsikilize anayekukataza. Hutumika zaidi kwa ladha ya chakula na kwa roho ya mtu. Il polpo è più buono del calamaro. Usichoweza kusema ni "più migliore" au "più meglio", maana ule uzidi umeshaingia ndani ya neno. Hata watoto wa huku hurekebishwa shuleni kwa hilo.

Maggiore na minore utazihitaji wageni wakikuuliza habari za nyumbani. Il mio fratello maggiore ni kaka yangu mkubwa, mia sorella minore ni mdogo wangu wa kike. Umeona fratello imetanguliwa na il, na sorella haikutanguliwa na la? Jina la ndugu likiwa peke yake na mio au mia, ile il au la huachwa, likipata sifa nyuma yake, kama maggiore na minore hapa, unaweza kuisikia au usiisikie. Hilo ni somo jingine.

Unapotaka kusema kitu kimezidi vyote: la spiaggia più bella dell'isola. Mambo mawili hapo. La hutajwa mara moja tu, usiseme "la spiaggia la più bella", huko ni kwa Wafaransa. Na "ya kisiwani" ni dell'isola, si "nell'isola". Kisiwa ndicho kundi unaloliangalia, na kundi huchukua di.

Kwa "sana" wana -issimo na huifuata jinsia: mare bellissimo, spiaggia bellissima, spiagge bellissime. Stanco, aliyechoka, huongeza h, stanchissimo, ili sauti ya k isipotee. Ukishaweka -issimo usiongeze molto mbele. Unataka kuzidisha ulinganisho? Hapo molto inafaa: molto più grande, kubwa zaidi sana.

Na moja la kazini kwako: preferire, yaani kupendelea, haiendi na di kwa majina, inakwenda na a. Preferisco il mare alla montagna. Utaisikia kila wiki mgeni akichagua safari.

Kijana_wa_Mombasa:

Mimi naona haya yote mtu anaweza kuyapata kwa kusikiliza redio na mpira wa Kitaliano. Watoto hawasomi sarufi na wanazungumza.

Mwalimu_Napoli:

Kijana, mtoto ana miaka mingi ya kusikia na hana tarehe ya usaili. Kusikiliza nakuunga mkono moja kwa moja, lakini sikio la mtu mzima husikia lile ambalo tayari limejua kulitafuta. Mtembezi kasikia di na che kwa muda mrefu, na kazitambua juzi baada ya kushika kitabu. Sasa ndipo kusikiliza kutamlipa.

Mtembezi_Kiwengwa:

Wakuu, Mungu awalipe. Ile ya Juma nimeinakili, na kweli imenifungua. Kuna jambo bado: kulinganisha kwa usawa. Wageni wanasema come, mara quanto. Ni kitu kimoja?

BintiMkunazini:

Kwa sifa, ndiyo, zote zinafaa. Sono alto come te. Sono alto quanto te. Na ni te, si tu, kama alivyosema Mwalimu kwenye di. Utakuta vitabuni così... come na tanto... quanto, mazungumzoni così na tanto huachwa mara nyingi.

Zikiwa idadi za vitu usiache, na zinabadilika kufuata jina: ci sono tanti turisti quanti pescatori, watalii ni wengi sawa na wavuvi. Kwa majina ya jinsia ya kike tante... quante.

Bahari_ya_Malindi:

Hii ya Juma hata mimi nimeichukua. Mtembezi, kama hoteli itataka karatasi, mitihani inayotambulika ni CELI ya Perugia, CILS ya Siena na PLIDA ya Dante Alighieri, na zote zina ngazi. Waulize mapema ngazi gani wanaitaka, usije ukalipia isiyo yako. Kwa walio upande wetu, Nairobi ipo Istituto Italiano di Cultura.

Mtembezi_Kiwengwa:

Nimetunga za kwangu, za kazi ninayoifanya kweli. Naomba mnisahihishie bila kunionea haya.

1. La marea si ritira di più a Kiwengwa che a Nungwi.
2. Il mio collega parla più bene di me.
3. Jozani è la foresta più grande nell'isola.
4. È meglio visitare Stone Town di mattina che di pomeriggio.
5. In questa stagione ci sono più scimmie che turisti.
6. Il mercato è più vicino di quello che pensavo.

Mwalimu_Napoli:

Ya 1 ni safi, na nimefurahi umeweka "di più" peke yake baada ya kitenzi. Watu wengi husema "si ritira più" halafu sentensi inaning'inia. Na habari yenyewe ndiyo mgeni anayoihitaji: huko kwenu wakati wa bamvua maji hutoka mbali na mtu aliyekuja kuogelea hubaki anatazama mchanga. Ongezea "quindi a Nungwi si nuota meglio", kwa hiyo Nungwi kuogelea ni bora, umempa ushauri kamili.

Ya 2 iwe "parla meglio di me". Bene ikizidi huwa meglio.

Ya 3 iwe dell'isola, kama alivyokueleza Binti.

Ya 4 ni sahihi na ni ngumu kuliko zote ulizoandika. Kuna di mattina na di pomeriggio, ambazo zina di zao wenyewe za kutaja wakati. Kwa sababu ni vihusishi, kiungo cha kulinganisha kimekuwa che. Ungeweka di hapo, zingekuwa di mbili zimefuatana. Mtu akikuuliza kwenye usaili kwa nini che, mjibu hivyo.

Ya 5 sahihi: mahali ni pamoja, unahesabu makundi mawili yaliyopo hapo.

Ya 6 sahihi. Kwenye karatasi ya kuandika jaribu "di quanto pensassi" mara moja tu, mahali unapojiamini.

Kesho niandikie hizi kwa Kitaliano, na mbele ya kila moja useme umepima nani na nani: boti yetu ni ya zamani kuliko yenu, wageni wanapenda kuogelea kuliko kutembea, safari ya Jozani ni rahisi kuliko mnavyofikiri, nina marafiki wengi Malindi kuliko Mombasa.

BintiMkunazini:

Hiyo ya kuogelea iangalie vizuri kaka, Mwalimu kakuwekea vitenzi viwili.