Kipindi cha Sanaa na Michezo kimegeuzwa Hisabati, mwanangu katunga shairi kaandikiwa "Acha kuchezea daftari"!

Wakuu, nimekaa na hasira tangu juzi, nikaona niliseme hapa maana wengi humu ni wazazi wa Arusha.

Binti yangu yuko darasa la nne, shule moja hapa mjini, jina naliacha. Juzi usiku nakagua daftari lake la Kiswahili, nikakuta kurasa tatu za maswali ya shairi: ubeti una mishororo mingapi, taja vina vya kati, hesabu mizani. Kapata yote, vema vema. Nikafungua ukurasa wa nyuma kabisa, nikakuta ameandika hivi kwa penseli:

Mama yangu kaamka, jua bado kuchomoza,
Ndizi kichwani kaweka, Kilombero kuziuza.

Nikahesabu silabi kwa vidole. Nane kwa nane. Vina vimekaa, ka na za. Hakuna aliyemsaidia. Mama yake kweli anauza ndizi soko la Kilombero, anatoka saa kumi na moja alfajiri, kumbe mtoto huwa macho anamsikia. Juu ya mistari hiyo kuna mkwaju wa kalamu nyekundu, na chini yake maneno matatu: "Acha kuchezea daftari."

Mtoto kaniuliza, "Baba, kwa hiyo nisiandike tena?"

Jamani! Mtoto wa darasa la nne ametunga mishororo miwili isiyo na kosa, aliyepaswa kumpigia makofi ndiye kamkata! Tunamfundisha kuhesabu mizani ya shairi la mtu mwingine, akitunga lake anakuwa mtundu?

Nikamuuliza kuhusu kipindi cha Sanaa na Michezo. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unalo somo hilo. Kwenye ratiba lipo, nimeliona kwa macho yangu limebandikwa ukutani, Alhamisi. Anasema Alhamisi wanafanya Hisabati, majaribio ya kujiandaa na upimaji wa darasa la nne. Wiki nyingine Kiingereza. Kuchora hawajachora tangu shule ifunguliwe. Kuimba wanaimba mstarini asubuhi, basi.

Na msiniambie vifaa hakuna. Huku kwetu migomba imejaa, majani makavu yanaoza shambani, udongo wa kufinyanga ni wa bure. Na shairi linahitaji nini zaidi ya penseli?

Kinachonikera kuliko vyote ni siku ya mahafali. Hapo ndipo sanaa inakumbukwa! Wiki mbili masomo yanasimama, watoto wanakaririshwa ngonjera aliyoandika mwalimu, beti kumi za kumsifu mgeni rasmi na kuomba madawati. Wanasimama juani wanatetemeka wasisahau mstari. Mgeni akiondoka, ngonjera imekwisha mpaka mwakani. Hakuna neno hata moja la mtoto mwenyewe mle ndani.

Halafu tuko Arusha! Watoto wetu wanapita kila siku nje ya uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Nimemuuliza binti yangu ni nani huyo, kanijibu labda alikuwa mchezaji mpira. Sikumlaumu, nani kamwambia? Amri Abeid Kaluta alikuwa mshairi, tena ndiye aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi kilichochapishwa 1954, hizo hizo za vina na mizani wanazoulizwa kwenye mtihani. Akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, akawa waziri. Ushairi haukumzuia kufika popote.

Najua walimu wamebanwa. Darasa limefurika, matokeo yakishuka mwalimu mkuu anaitwa kujieleza, na kuna wazazi wenzangu wanaolalamika mtoto akirudi na mchoro badala ya hesabu. Hilo nalikubali. Lakini kalamu nyekundu ile haikuagizwa na mtu yeyote kutoka juu.

Kesho saa mbili nitakuwa ofisini kwa mwalimu mkuu na daftari mkononi. Sitaki mwalimu aadhibiwe. Nataka asome ile mistari miwili kwa sauti mbele ya darasa, na Alhamisi irudi kuwa Alhamisi.

Wazazi wa Ngarenaro, Kaloleni, Sombetini, waulizeni watoto wenu leo usiku: kipindi cha Sanaa na Michezo wiki hii walifanya nini? Leteni majibu hapa. Na walimu mliomo humu, semeni ukweli, ni nani anawaambia mkifute?