Mrejesho: nyuki wa darini wametoka salama

Wakuu, mi ndo yule niliyeuliza kuhusu nyuki walioingia darini, nawashukuru sana mlionikataza kupuliza dawa ya kuua. Nikamwita mfugaji nyuki, kaja jioni wakati nyuki wengi washarudi, kapuliza moshi taratibu, akabandua mbao akakata masega moja moja na kuyafunga kwenye fremu za mzinga, malkia alivyoingia tu wengine wakaanza kumfuata wenyewe, aisee nilifurahi mno. Ila nilichokuwa sikijui, nta na asali lazima vitolewe vyote, harufu ikibaki kundi jingine linaweza kuja, na asali ikivuja inaleta sisimizi. Tumekwangua, tumeosha, tundu tumeziba. Usiku kaondoka na mzinga wake, hakuna aliyeumwa.