Tupeane uzoefu: Umewahi kusoma riwaya ukamwombea muuaji asikamatwe?

Wakuu, salaam. Nimemaliza The Talented Mr. Ripley ya Patricia Highsmith, riwaya ya mwaka 1955, na sijatulia. Ambaye hajaisoma ajue nitataja mambo ya ndani.

Tom Ripley ni kijana wa New York asiye na mbele wala nyuma. Anatapeli watu kwa kujifanya ofisa wa kodi, na cheki wanazomtumia hata hawezi kuzibadili ziwe fedha. Tajiri mmoja mwenye kiwanda cha boti anamlipia safari ya Italia akamrudishe mwanawe, Dickie Greenleaf. Tom anampenda Dickie, anapenda nguo zake, pete zake, wepesi wa maisha yake. Dickie anapoanza kumchoka, Tom anamuua kwa kasia wakiwa kwenye boti San Remo, kisha anaishi kwa jina lake.

Kilichonishika hasa ni kule Roma, Freddie Miles anapokuja kumtafuta Dickie na kuanza kushtuka. Moyo ulinienda mbio nikitaka Freddie aondoke, kwa ajili ya Tom! Tom akampiga kichwani kwa kisahani cha majivu ya sigara, akafa, nami nikahangaika mwili utashushwaje ngazi bila majirani kuona. Freddie alikuwa anamtafuta rafiki yake tu.

Mliosoma hii au nyingine za aina hii, ilikuwaje kwenu?

Mchangiaji, Tanga

Mkuu, mimi nilinaswa mapema kuliko wewe. Kuna mahali Tom anakumbuka akiwa na miaka 12, yuko safarini na shangazi yake Dottie, aliyemlea baada ya wazazi kufa maji. Foleni imekwama. Shangazi anamtuma maji ya baridi kwenye kituo cha mafuta. Foleni inasogea, mtoto anakimbia katikati ya magari, kila akikaribia kugusa mlango gari linasonga, kwa sababu shangazi hataki kumngoja hata dakika. Kisha anamdhihaki mbele ya rafiki yake kwamba ni legelege kama baba yake.

Nimelelewa kwa ndugu, nazijua hizo mbio. Unaamka kabla ya wote. Unausoma uso wa mwenye nyumba kabla hujathubutu kusema daftari limeisha. Anachopenda unakipenda. Tom anaiga sauti na saini za watu vizuri vile kwa sababu tangu utotoni kuishi kwake kulitegemea kuwapendeza wengine. Nilipofika kwenye boti nilikuwa nimeshahamia upande wake, na nikamkasirikia Highsmith kwa kunipitisha kwenye kidonda changu ili anifikishe pale. Mimi na wadogo zangu tulihesabiwa vijiko vya wali na hatujaua mtu. Huruma nampa, udhuru hapana.

Mchangiaji, Nairobi

Dada wa Tanga amegusa penyewe. Niongeze kwamba mwandishi hatoki kichwani mwa Tom hata mara moja. Dickie alikuwa anawaza nini siku ile, hatuambiwi. Kwenye kikundi chetu cha kusoma tulijaribu kuandika safari ile ya boti kwa macho ya Dickie, kila mtu ukurasa mmoja, tukasomeana. Wale waliokuwa wakimtetea Tom wiki nzima walinyamaza. Raskolnikov, muuaji katika riwaya Crime and Punishment ya Dostoevsky (1866), nilimvumilia kwa sababu dhamiri ilimtafuna mpaka akajisalimisha. Tom halali njaa wala hakosi usingizi kwa ajili ya Dickie, na ndiyo maana ananitisha zaidi.

Mchangiaji, Mwanza

Mimi sikuimaliza. Kaka yangu aliuawa kwa sababu ya pikipiki. Siku nzima tulikuwa tunapata ujumbe kutoka kwenye simu yake, "niko poa, nitachelewa kurudi", na mama akawa anajibu. Nilipofika Tom anapomwandikia Marge, rafiki wa kike wa Dickie, barua kwa jina la Dickie, kwa mashine ya kuchapia ya Dickie mwenyewe, mikono iliniishia nguvu. Nimeona humu watu wakisifia akili yake kwenye zile barua. Niambieni tu, alikamatwa?

Mwanzisha mada

Ndugu yangu wa Mwanza, pole sana, wewe na mama.

Hakukamatwa. Anafika Piraeus, Ugiriki, akiamini polisi wanamngoja bandarini, na hakuna anayemngoja. Kisha anapata barua ya baba yake Dickie: familia imeukubali wosia ambao Tom aliughushi, mali ni yake. Na Highsmith aliendelea naye katika riwaya nyingine 4, ya mwisho mwaka 1991.

Zile barua nami nilizisoma nikimwangalia anayeziandika. Marge, aliyekuwa akizipokea na kuzijibu, nilimwona msumbufu. Ulichoandika kimenibadilishia kitabu kizima.

Mliosoma hizo nne zilizofuata tuambieni: Tom akishakuwa tajiri, hana tena wa kumdhihaki, bado mlimtakia salama?